Kalamu ya Mchoraji, Amri ya Tajiri



Wako wenzetu watakaoshangaa kuona gazeti la chama likiandika habari za sinema za katuni. Watauliza: Mishahara ya mashambani haitoshi, viwandani watu wanavuta vumbi, bei ya sukari haishikiki, nanyi mnatuletea habari za wanyama wanaosema na kuimba? Hilo ni swali la haki, na tutalijibu kabla ya kuendelea.

Kwanza, katuni haziji zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Hutengenezwa viwandani, na watu wa mshahara, chini ya wasimamizi, kwa saa zilizopangwa. Pili, watoto wetu wanazitazama kila siku, kuanzia Kasese mjini mpaka Bwera, kwenye televisheni, kwenye vibanda vya video na kwenye simu. Wanayoyaona humo ndiyo wanayokuja kuyaamini kuhusu dunia na kuhusu wao wenyewe. Tatu, vijana wa Uganda, Kenya na Tanzania wameingia katika kazi hiyo, na wengine wanakuja nyuma yao. Wakiingia bila kujua historia yake, watanyonywa kama babu zao walivyonyonywa katika pamba na katika shaba.

Hoja yetu ni moja tu. Katika kazi ya katuni, kama katika kazi nyingine yoyote, sura ya kitu kinachotoka kiwandani haiamuliwi na mkono uliokitengeneza peke yake. Huamuliwa na mwenye amri juu ya mkono huo. Tajiri akiwa mwoga, kazi hutoka na woga wake. Tajiri akiwa mchoyo, uchoyo wake huonekana. Na pale wafanyakazi walipopata sauti, kazi yenyewe ilibadilika. Tutayaonyesha haya kwa mifano, ili kila mmoja apime mwenyewe.

KIWANDA CHA PICHA

Mtu anapotazama sinema, jicho lake hupitishiwa picha 24 katika kila sekunde moja. Piga hesabu: sinema ya dakika 80 ni picha zaidi ya 115,000. Zamani picha hizo zilichorwa kwa mkono. Hata pale mchoro mmoja ulipotumika mara mbili ili kuokoa kazi, bado michoro ilikuwa makumi ya maelfu.

Hakuna mtu mmoja awezaye kazi hiyo. Kwa hiyo iligawanywa. Mchoraji mkuu alichora mwanzo na mwisho wa mwendo, msaidizi wake akajaza hatua za katikati. Wengine, wengi wao wanawake, walinakili michoro kwa wino juu ya karatasi ya plastiki inayopenya mwanga, wakaipaka rangi. Halafu mtu wa kamera akapiga picha moja moja. Siku hizi kompyuta imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini mgawanyo umebaki: wa kuchora, wa kuchongea umbo, wa mwendo, wa mwanga, wa sauti.

Wenzetu wa chai wataelewa upesi. Mmoja anachuma, mwingine anapima, mwingine anakausha, mwingine anachambua, mwingine anafunga. Na jina lililoandikwa kwenye pakiti si la aliyechuma.

MGOMO WA 1941

Walt Disney na kaka yake Roy walianzisha kampuni yao huko Marekani mwaka 1923. Desemba 1937 walionyesha Snow White, sinema ndefu ya katuni iliyoleta fedha nyingi sana. Wafanyakazi walikuwa wametoa saa nyingi za ziada wakitumaini kwamba faida itawarudia. Fedha zikaenda kujenga studio mpya mahali paitwapo Burbank, California. Kisha vita vikafunga masoko ya Ulaya, sinema za 1940 zikaleta hasara, na tajiri akaanza kupunguza watu.

Mishahara nayo ilipishana kama mlima na bonde. Mchoraji wa juu aliweza kupata dola 300 kwa wiki, na wa chini kabisa dola 12. Wote walikuwa wakifanya sinema ile ile. Aliyepandishwa cheo hakujua kwa nini, na aliyeachwa hakuambiwa sababu. Yote yalitegemea tajiri ameamkaje siku hiyo.

Wachoraji wakajiunga na chama chao, Screen Cartoonists Guild. Mmoja wa wachoraji wakubwa, Art Babbitt, alikuwa analipwa vizuri na angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alisimama na wadogo. Kampuni ikamfukuza pamoja na wanachama wengine, na tarehe 29 Mei 1941 mamia ya wafanyakazi wakagoma. Mgomo ulidumu karibu wiki tisa. Serikali ikaleta wasuluhishi, na mwishowe kampuni ikalazimika kukitambua chama.

Sasa angalieni jinsi ugomvi ule ulivyoingia ndani ya picha zenyewe. Wakati wa mgomo studio ilikuwa inamalizia sinema ya Dumbo, iliyotoka Oktoba 1941. Humo mna wachekeshaji wa sarakasi wanaokwenda kumdai bosi nyongeza ya mshahara, nao wanachorwa kama walevi na wapumbavu. Watu wengi walioandika juu ya sinema hiyo wanasema ile ilikuwa kejeli kwa wagomaji. Hivi ndivyo inavyokuwa: mwenye kiwanda akiwa na hasira na wafanyakazi, mtoto aliyeko mbali, asiyejua lolote juu ya mgomo, hufundishwa kumcheka mtu anayedai mshahara.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Baadhi ya waliogoma waliondoka, na wengine wao wakaanzisha studio yao iliyojulikana kwa jina la UPA. Huko hawakuwa na bosi wa kuwaambia kwamba kila kitu lazima kifanane na vitu vya kweli. Wakachora kwa mistari michache, kwa rangi za ujasiri, kwa mtindo mpya kabisa. Wakamtoa Mr. Magoo, na filamu yao fupi ya 1950, Gerald McBoing-Boing, ikapata tuzo ya Oscar. Mikono ilikuwa ile ile. Uongozi ulipobadilika, picha ikabadilika.

Naye Walt Disney alibaki na uchungu. Mwaka 1947 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akadai kwamba wakomunisti ndio waliokuwa nyuma ya mgomo ule. Wenzetu waliowahi kuitwa wachochezi kwa sababu ya kudai glovu na viatu vya kazi wanaujua wimbo huo.

SIMBA WA NAIVASHA NA SIMBA WA KASENYI

Mwaka 1984 kampuni hiyo ilipata wakubwa wapya: Michael Eisner, Frank Wells na Jeffrey Katzenberg. Mwaka uliofuata wachoraji walitolewa katika jengo lao la Burbank, lile lililojengwa kwa faida ya Snow White, wakapelekwa kwenye majengo ya mabohari huko Glendale. Wengi waliona kwamba huo ndio mwisho. Hatutaki kusema uongo: wakubwa hao baadaye walitia fedha, wakasukuma kazi, na sinema zikatoka moja baada ya nyingine, tena nzuri. Lakini zilitoka kwa saa nyingi na kwa migongo ya watu waliochoka.

Mojawapo ni The Lion King ya 1994. Mwaka 1991 wachoraji kadhaa waliletwa Kenya kutazama nchi, wakafika Hell's Gate karibu na Naivasha. Naivasha ni mahali ambapo maelfu ya wafanyakazi wanachuma maua yanayosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Wakatazama miamba, wakatazama nyasi, wakatazama wanyama. Sinema ilipotoka ilikuwa na miamba, nyasi na wanyama, na haikuwa na mtu hata mmoja.

Mwenzetu atasema: hata hadithi zetu za sungura na fisi hazina watu. Ni kweli. Lakini hadithi zetu zinasimuliwa na bibi aliyekaa mbele ya mtoto, na mtoto anajua kwamba fisi yule ni jirani mlafi na sungura ni mnyonge mwenye akili. Sinema ile ilisimuliwa kwa mamilioni ya watoto ambao hawajapata kumwona Mwafrika. Wamejifunza kwamba huku ni nchi ya simba, na hakuna mwenyewe.

Sisi watu wa Kasenyi tunaishi kando ya Ziwa George, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Simba tunawajua. Watalii huja kuwatazama katika tambarare yetu, na wavuvi na wafugaji ndio wanaolala wakiwasikia. Aprili 2018, hapo jirani Hamukungu, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu, wengi wao wakiwa watoto. Hiyo nayo ni hadithi ya simba. Ina mfugaji na ng'ombe wake, ina mlinzi wa mbuga, ina fedha za watalii na swali la nani anazipata. Hatujapata kuona studio kubwa ikiichora. Si kwa sababu wachoraji hawana akili. Mwenye mfuko anataka simba bila matatizo ya watu.

Na lugha je? Wakubwa wale walichukua Kiswahili chetu kama mtu anayeokota vijiwe njiani. Simba akaitwa Simba, nyani akaitwa Rafiki, ngiri akaitwa Pumbaa, na fisi mmoja akaitwa Shenzi. Neno hilo wazee wetu walilisikia mashambani kutoka kinywani mwa nyapara na mzungu wa shamba, na walipoitwa hivyo hapakuwa na aliyecheka. Je, kama kungekuwa na Waswahili watatu katika chumba cha kuamua, lingepita?

Kisha kampuni ikaomba serikali ya Marekani iyaandikishe maneno "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara kwa nguo. Ombi lilitolewa 1994, na uandikishaji ukakamilika 2003. Maneno ambayo mama sokoni Mpondwe anaweza kumwambia mteja wake! Maneno ambayo bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikuwa imeyatia katika wimbo wao "Jambo Bwana" tangu 1982! Mwishoni mwa 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi wakipinga. Uamuzi wa kuyaandikisha haukutoka kwa mchoraji. Ulitoka ofisini kwa wanasheria na wakubwa wa mauzo.

Mfano wa mwisho katika sinema hiyo unatuhusu zaidi, kwa kuwa ni wa mfanyakazi mwenzetu. Solomon Linda alikuwa Mzulu, mpakiaji wa sahani za santuri katika kampuni ya Gallo huko Afrika Kusini. Mwaka 1939 yeye na wenzake walirekodi wimbo wake "Mbube", maana yake simba. Aliuza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukabadilishwa maneno kwa Kiingereza, ukaingizwa katika The Lion King. Linda alikuwa amekufa maskini mwaka 1962. Warithi wake walikwenda mahakamani 2004, na mapatano yakafikiwa 2006. Sinema ile ya 1994 ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 700 katika majumba ya sinema, na ile iliyotengenezwa upya 2019 ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja na nusu.

Shilingi 10! Tukumbuke tarakimu hiyo kila tunapopewa karatasi tutie kidole gumba.

MATAJIRI WAKIGOMBANA, NA MATAJIRI WAKIPATANA

Mwaka 1994 Frank Wells alikufa katika ajali ya helikopta. Katzenberg alikitaka kiti chake, Eisner akamnyima. Katzenberg akaondoka, na pamoja na wenzake wawili akaanzisha DreamWorks. Matajiri wawili wakawa wanagombania wachoraji wale wale, na mishahara ikapanda. Wafanyakazi walipata nafuu, ingawa nafuu hiyo hawakuipigania wao.

Baadaye matajiri wakapata akili nyingine. Baadhi ya studio zikapatana kimyakimya kwamba zisinyang'anyane wafanyakazi. Mchoraji akawa kama mti: amepandwa hapo, hawezi kutembea. Jambo hilo likafichuliwa, wachoraji wakashtaki 2014, na ilipofika 2017 kampuni zilizoshtakiwa, zikiwemo Disney, DreamWorks na Sony, zilikuwa zimekubali kulipa jumla ya karibu dola milioni 169. Hapa kuna somo kwetu. Nafuu inayotokana na ugomvi wa matajiri huisha siku wanapopatana. Nafuu iliyoandikwa katika mkataba wa chama ina mahali pa kushikwa.

Wakubwa hao hao ndio wanaoamua ufundi gani uishi na upi ufe. Januari 2004 Disney ilifunga studio yake ya Florida, ambako sinema kama Mulan na Lilo & Stitch zilitengenezwa. Wafanyakazi zaidi ya 200 walipoteza kazi. Wakubwa walikuwa wameshaamua kwamba watu hawataki tena picha za mkono, wanataka za kompyuta. Miaka mitano baadaye kampuni ile ile ikatoa tena sinema ya kuchorwa kwa mkono. Mafundi walikuwa wameshatawanyika.

Na Agosti 2022 kampuni nyingine ya Marekani, Warner Bros. Discovery, iliweka kabatini sinema ya katuni iliyokaribia kumalizika, Scoob! Holiday Haunt, kwa sababu ya hesabu za kodi. Kazi ya mamia ya siku haikuonyeshwa kwa mtoto yeyote. Ni kama mwenye shamba anayeng'oa mibuni yenye matunda kwa kuwa mhasibu amemwambia hasara ina faida.

Lakini mchoraji akisimama imara, mambo huweza kugeuka. Studio ndogo ya Pixar ilipokuwa inatengeneza Toy Story kwa fedha za Disney, Katzenberg aliagiza kila mara kwamba mhusika mkuu awe mkali na mwenye kejeli zaidi. Wakafuata amri. Novemba 1993 wakaonyesha walichokifanya, na kila mtu akaona kwamba kikaragosi yule amekuwa mtu mbaya asiyependeka. Kazi ikasimamishwa. Watu wa Pixar wakaomba muda, wakaitengeneza upya jinsi moyo wao ulivyotaka tangu mwanzo. Ndiyo Toy Story iliyotoka 1995 na kupendwa na dunia nzima.

HUKU KWETU

Sasa tuje nyumbani. Kilembe yetu ilitoa shaba tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ilipanda reli pale Kasese, ikayeyushwa Jinja, ikaenda nje. Waliobaki na mashimo ni sisi. Je, hadithi zetu nazo ziende kwa reli hiyo hiyo?

Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuona Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya hadithi za wanyama wa Afrika. Vilichorwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, kwa ajili ya kampuni ya London iitwayo Tiger Aspect. Tusiwe wachoyo wa sifa: viongozi wa kazi hiyo waliamua ifanyike Nairobi, na vijana wengi wakapata ufundi. Lakini agizo lilitoka London, na vipindi vilipotimia, agizo likatimia. Mtindo wa picha zile ulitoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mtu aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuchora Dar es Salaam. Alikufa 1972. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Walikaa pamoja, na 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Wafanyakazi wa mashamba, mtu huyo ni wenu.

Dar es Salaam hiyo hiyo wako Ubongo, shirika lisilogawana faida, ambalo tangu 2014 linatoa katuni za kuwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Katika vipindi vyao vya Akili and Me, Akili ni mtoto wa kike anayeishi na wazazi wake chini ya mlima Kilimanjaro. Angalieni tofauti: nchi ile ile ya jua na milima, lakini safari hii ina watu. Kwa nini? Kwa sababu waliokaa katika kiti cha kuamua walitaka mtoto wa Afrika ajue kuhesabu. Lengo la mkubwa likibadilika, hata mandhari hupata wenyeji.

Na sisi Uganda tunao. Studio ya Creatures ya Kampala, chini ya Raymond Malinga, ilitoa mwaka 2017 filamu fupi iitwayo A Kalabanda Ate My Homework. Nani aliyesoma shule ya bweni Uganda asimjue kalabanda? Hakuna mkubwa wa California ambaye angeota jambo hilo. Julai 2023 Malinga alitoa Herderboy, hadithi ya wachunga ng'ombe wa wakati ujao, katika mkusanyiko wa filamu 10 za Waafrika ulioitwa Kizazi Moto. Ulionyeshwa na Disney na kusimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town.

Tena yuko Hamid Ibrahim, Mganda, aliyeanzisha kampuni ya Kugali pamoja na Wanigeria wawili. Mwaka 2019 walisema kwa BBC, bila woga, kwamba watawapiga Disney. Mkuu mmoja wa Disney, Jennifer Lee, akasikia, na badala ya kukasirika akawaita. Februari 2024 ikatoka Iwájú, hadithi ya Lagos. Huo ni uongozi mzuri, na tunausifu. Lakini Machi 2025 ilitangazwa kwamba studio hiyo inaachana na kazi ndefu za namna hiyo. Lee alikuwa ameshaondoka katika kiti kile. Mlango uliofunguliwa na mkubwa mmoja hufungwa na mwingine. Ndiyo sababu chama hakijengi juu ya wema wa mtu. Mtu mwema anahamishwa, anastaafu, anakufa. Mkataba unabaki.

TUFANYE NINI?

Kwanza, vijana wanaochora wajue sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 iliweka kwamba mtu akitengeneza kitu akiwa ameajiriwa, au kwa kuagizwa na mtu mwingine, haki ni ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa kama mkataba umesema vinginevyo. Maneno ya mwisho hayo ndiyo yenye uzima: isipokuwa kama mkataba umesema vinginevyo. Asiye na mkataba amekwisha kuuza kabla ya kuanza. Usitie sahihi usichokisoma, na usichokielewa peleka kwa anayeelewa.

Pili, wajiunge. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kuingia katika chama anachokitaka. Haikusema mfanyakazi ni mwenye jembe au nyundo tu. Kijana anayekaa usiku kucha mbele ya kompyuta Kampala au Nairobi ili amalize agizo la London ni mfanyakazi. Mgongo wake unauma kama wa mchuma chai. Tunaviomba vyama vyetu vimfungulie mlango, na tunamwomba yeye asione haya kuingia. Asidhani kwamba kwa kuitwa msanii amekuwa tajiri. Babbitt aliitwa msanii, na alifukuzwa kama kibarua.

Tatu, tujifunze kwa wenzetu wa ushirika. Wakulima wa kahawa wa milima ya Rwenzori waliona kwamba anayeuza matunda mabichi hupangiwa bei, na anayekoboa na kupima mwenyewe husikilizwa. Wachoraji wanaweza kununua mashine pamoja na kumiliki hadithi pamoja, kama wale wa Tingatinga walivyofanya na turubai zao.

Nne, sisi wazazi tusinyamaze. Mtoto akitazama katuni, tumuulize: Watu wako wapi katika nchi hii? Nani anachekwa? Nani anaitwa mshenzi? Tusimkataze kutazama, kwani kuna uzuri mwingi na ufundi mkubwa mle. Tumfundishe kutazama kama mfanyakazi anavyotazama karatasi yake ya mshahara, mstari kwa mstari.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba kila tajiri ni mbaya, wala kwamba kila kinachotoka kwa mfanyakazi ni kizuri. Tumeona wakubwa waliofungua milango, na tumeona kazi nzuri ikitoka chini yao. Tunachokisema ni kwamba kazi ya mikono mingi haipaswi kuamuliwa na kinywa kimoja. Mvuvi wa Kasenyi anajua: wavu huvutwa na watu wengi, na anayesimama pwani akihesabu samaki hawezi kusema peke yake wavu utupwe wapi.

Siku moja mtoto wa hapa atachora simba wa Kasenyi pamoja na watu wa Kasenyi. Atakapoichukua kalamu hiyo, akute mkataba umeandikwa, chama kiko, na wenzake wako nyuma yake.

Umoja ni nguvu!